Sura ya Tano: Baina ya Mwiba na Tyubu

Mtu anaponunua baiskeli ya kumpeleka kazini huikagua fremu, huipiga kengele, huzungusha pedeli akaisikiliza cheni, hubishania bei ya taa na ya karia, na baada ya hayo yote huyalipia matairi bila ya kuyatazama, kana kwamba matairi yote ni mamoja maadamu ni meusi na ya mviringo. Ilhali katika chombo kizima hapana kiungo kinachoigusa njia ila hicho, na mahali penyewe pa kugusana, ukipapima chini ya mpandaji wa kawaida, hapazidi sana eneo la vidole viwili kwa kila gurudumu. Juu ya mahali hapo padogo pamewekwa dhamana ya karani kufika afisini kwa wakati, ya mwalimu kuiwahi kengele ya kwanza, na ya mchuuzi wa samaki kufika mtaani kabla barafu yake haijawa maji.

Sura hii haikuandikwa kwa ajili ya mshindani wa mbio. Yeye hutafuta tairi jembamba na jepesi, na likitoboka kuna gari nyuma yake lenye gurudumu jingine na fundi wa kulifunga, hata hasara yake ikawa ya dakika moja. Mwenda kazini hana gari nyuma yake. Akipata pancha saa moja asubuhi baina ya Ubungo na Manzese, mikono imechafuka, shati limelowa jasho, saa inakwenda, na mabasi yanampita huku abiria wake wakimtazama kwa huruma asiyoihitaji. Kwa hiyo mizani ya watu hawa wawili haiwezi kuwa moja: mmoja hupima gramu na sekunde, na mwingine yampasa kupima asubuhi zilizoharibika. Tairi linalouzwa kwa bei mara tatu ya jingine, likamwondolea mtu adha hiyo kwa mwaka mzima, limekwisha kuilipa bei yake kabla ya masika ya pili. Na hesabu hii haihitaji kalamu, bali mtu akumbuke tu alichompa fundi, alichompa dereva wa bodaboda aliyemwokoa, na maneno aliyoambiwa na mkubwa wake wa kazi.

Lakini kabla ya kuuliza tairi gani ni bora, sharti tuulize ni kitu gani kinachotoboa, maana tairi hununuliwa dhidi ya adui fulani, na maadui wa tairi hawafanani.

Wa kwanza ni mwiba, na mkuu wa miiba kwa mpanda baiskeli ni mbigili. Mmea huu, ambao wataalamu wa mimea huuita Tribulus terrestris, hutambaa chini, huchanua maua madogo ya manjano ambayo hayamtishi mtu, na hupenda ardhi kavu iliyokanyagwa: kando za njia, viwanja vya mpira, nyua za maghala, na vituo vya mabasi vya Dodoma na Shinyanga. Tunda lake likikauka hupasuka vipande, aghalabu vitano, na kila kipande kina miiba imara iliyoelekea pande mbalimbali, hata kikianguka vyovyote vile hapakosekani ncha moja inayoelekea juu. Urefu wa ncha hiyo ni kiasi cha milimita 5. Namwomba msomaji akishike kipimo hiki, kwa kuwa hoja yote ya sura hii imekalia juu yake. Mwiba wa mgunga ni shauri jingine kabisa: mara nyingi hupita sentimita 5, na hapana tairi la baiskeli duniani lenye unene wa kuuzuia ukikanyagwa kwa ncha, dawa yake ni macho na usukani, na katika kijiji ambacho watu hukata matawi ya mgunga kujengea boma la ng'ombe, dawa yake ni kupita njia nyingine siku hiyo.

Adui wa pili hakuletwa na maumbile bali na maendeleo. Mwaka 1946 kampuni ya Michelin ya Ufaransa ilipata hataza ya tairi la gari lenye nyuzi zilizopangwa kwa namna mpya na mkanda wa nyaya za chuma chini ya mpira, na tairi la jinsi hiyo likaenea ulimwenguni kwa sababu linadumu kuliko yaliyolitangulia. Likadumu, lakini halikuepuka kufa. Na tairi la lori likipasuka katika barabara kuu hufa kwa fujo, likitapanya magamba ya mpira hadharani na nyaya zake kwa siri. Nyaya hizo ni nyembamba mfano wa sindano, hazionekani katika lami, na upepo wa magari huzisukumia kando, pale pale ambapo mpanda baiskeli ameachiwa nafasi ya kupita. Yeyote aendaye kazini kwa barabara ya Morogoro au ya Mombasa amekwisha kutobolewa nazo, ajapokuwa hajui. Nilipata kusimama mbele ya fundi mmoja wa Tandika aliyekuwa ameivua tyubu yangu na kulipapasa tairi kwa ndani kwa kidole chake, polepole, kana kwamba anasoma.

"Mwiba uko wapi, fundi?" nikamwuliza.

"Si mwiba huu, mwalimu. Waya wa lori. Umekuja nao tangu juzi."

Adui wa tatu ni kigae cha chupa, ambacho huogopwa na wote kwa kuwa humetameta, ingawa kwa hakika ndicho kilicho rahisi kuzuiwa. Kigae hukata, hakichomi. Makali yake ni mapana na mwili wake ni mfupi, na tairi lenye kitambaa madhubuti chini ya mpira hukikomesha pale kilipofika. Mawe ya matumbawe yanayochomoza katika njia za vijiji vya Unguja na Pemba huingia katika kundi hili hili, ila hayo hupenda kuushambulia ubavu wa tairi kuliko uso wake.

Watu wengi hudhani kuwa kitu chenye ncha huingia tairini mara moja na mambo yakaisha. Mara nyingi sivyo. Gurudumu la inchi 28 huzunguka kiasi cha mara 450 katika kila kilomita. Mtu akaaye kilomita 5 kutoka kazini huwa amelizungusha mara 4,500 kwa kwenda na kurudi, na kila mzunguko mmoja ni pigo moja la uzito wake na wa mzigo wake juu ya kitu chochote kilichonata. Kigae kilichookotwa asubuhi hupigwa namna hiyo hata jioni kikawa kimeumaliza mpira wa nje, kesho yake kimekipata kitambaa, na keshokutwa kimeifikia tyubu. Ndiyo maana dakika chache za Ijumaa jioni, mtu anapolizungusha gurudumu mwangani na kuvichokoa kwa ncha ya kisu vyote vilivyojibanza katika kashata, huokoa zaidi kuliko fedha nyingi zilizotolewa dukani. Na wakati wa mvua uangalizi huo uwe mara dufu, kwa sababu maji huyasomba makombo ya barabara yote na kuyaweka kando, na tena huulainisha mpira mbele ya makali. Aliyepata kukata mpira kwa kisu kikavu, kisha akakilowesha kisu kile kile na kukata tena, anaifahamu tofauti.

Mapambano haya baina ya ncha na upepo yana umri sawa na tairi lenyewe. Robert William Thomson, Mskochi, alipopata hataza ya gurudumu la upepo mwaka 1845, alitia upepo ndani ya mrija wa turubai iliyopakwa mpira, na kwa kuwa alifahamu kuwa mrija huo usingalistahimili barabara hata kwa saa moja, aliuvika nje ngozi nene. Tangu siku hiyo ya kwanza, basi, kazi ziligawanyika: kimoja kishike upepo, na kingine kipokee mapigo. Uvumbuzi wake ukasahauliwa kwa miaka zaidi ya arubaini, mpaka mwaka 1887 John Boyd Dunlop, Mskochi mwingine, daktari wa mifugo aliyekaa Belfast, alipomtengenezea mwanawe tairi la upepo la baiskeli ya magurudumu matatu. Mwaka 1889 Willie Hume akashinda mashindano ya Belfast juu ya matairi hayo, na waliokuwa wakicheka wakanyamaza. Hataza ya Dunlop ilibatilishwa baadaye kwa sababu Thomson alikuwa amemtangulia, lakini jina lililobaki midomoni mwa watu ni la Dunlop, na hii si mara ya kwanza kwa dunia kugawa sifa bila ya insafu.

Tairi la Dunlop lilikuwa na kasoro iliyowatesa wote: liligandishwa kwa gundi kwenye rimu. Likitoboka ilikuwa kazi ya saa kadhaa kulibandua na ya usiku kucha kungoja gundi ikauke. Mwaka 1889 mpanda baiskeli mmoja Mwingereza alifika na tairi la namna hiyo katika karakana ya ndugu wawili wa Michelin huko Clermont-Ferrand, nao wakalitengeneza kwa taabu kubwa, wakalijaribu, na halikuchukua mwendo mrefu likaisha upepo tena. Taabu ile ndiyo iliyowazalia fikra ya tairi la kuvulika. Mwaka 1891 Charles Terront alishinda nalo safari ya Paris kwenda Brest na kurudi, kilomita zipatazo 1,200. Na katika mashindano ya mwaka uliofuata imesimuliwa kuwa ndugu hao waliamuru misumari itawanywe njiani, ili washindani watobokewe na walimwengu waone wepesi wa kuziba. Wauza matairi wa siku hizi huitangaza bidhaa yao kwa kuahidi kwamba haitoboki. Wale walitangaza yao kwa kuitoboa. Kwa maoni yangu walikuwa wakweli zaidi.

Sasa tuje kwenye ngao zenyewe. Chini ya mpira wa nje, watengenezaji hutia tabaka la kuzuia, na matabaka haya, yajapokuwa na majina mengi ya kibiashara, hurejea katika jinsi mbili. Ya kwanza ni kitambaa kigumu. Mwaka 1965 Stephanie Kwolek, mkemia wa kampuni ya DuPont huko Marekani, alikuwa akitafuta uzi mwepesi wenye nguvu wa kutiwa katika matairi ya magari badala ya chuma, akapata ule ambao baadaye uliitwa Kevlar, ambao leo humvika askari fulana ya kuzuia risasi. Ukanda mwembamba wa uzi wa jinsi hii, ukiwekwa chini ya uso wa tairi la baiskeli, hukizuia kigae kwa ufanisi mkubwa na hauongezi uzito wa kutajwa. Wengi wakisikia habari ya risasi huona shauri limekwisha: kilichoizuia risasi kitashindwaje na mwiba? Lakini risasi ni butu na pana, nayo hukutana na nyuzi nyingi kwa pamoja. Waya wa lori na ncha ya mbigili ni vyembamba, na hupenya katikati ya uzi na uzi bila ya kukata hata mmoja. Anayepita mitaa yenye chupa zilizovunjika atanufaika na ngao hii. Anayepita penye mbigili atalipa fedha nyingi na kuendelea kuziba.

Jinsi ya pili ni unene. Tairi la Marathon Plus la kampuni ya Schwalbe ya Ujerumani, ambalo waendao kazini kwa baiskeli katika nchi za Ulaya wamelitumia kwa miaka mingi, lina tabaka la mpira mwororo lenye unene wa milimita 5 baina ya kashata na kitambaa. Tabaka hilo si gumu, ukilibonyeza hubonyea. Halivunji mwiba wala halishindani nao, bali huuacha uingie, na mwiba ukaingia wote, ukafika mwisho wa urefu wake ungali katika mpira, kabla haujaiona tyubu. Hapa ndipo kile kipimo tulichokishika kinapofaa. Mbigili wa milimita 5 ukutanao na kashata ya milimita mbili au tatu na chini yake ngao ya milimita 5, huo hauna pa kupita. Swali la kumwuliza muuzaji, kwa hiyo, si kama tairi ni gumu, wala kama limeandikwa maneno ya kujisifu ubavuni. Ni kiasi gani cha mpira kilichopo baina ya barabara na tyubu, na je, kiasi hicho kinauzidi urefu wa kitu kinachotoboa katika njia yangu mimi. Tairi lisilo na ngao yoyote lakini lenye mpira mnene linaweza kulishinda tairi jembamba lenye kitambaa cha fahari, na nimeona kuwa mafundi wa barabarani wanalijua hili kuliko wachuuzi wa madukani.

Unene huo una gharama yake, na si haki kuificha. Tairi la namna ya Marathon Plus la upana wa wastani hukaribia kilo 1, ilhali tairi la mashindano huwa na gramu 250 hivi. Na mpira mnene, kwa kuwa hujikunja na kujikunjua katika kila mzunguko, hula sehemu ya nguvu ya mpandaji. Mtu aendeshaye bila haraka hutoa nguvu ya kiasi cha wati 100, na tairi zito linaweza kumnyang'anya kadhaa miongoni mwa hizo kwa kila gurudumu. Atalihisi hilo mlimani, na katika wiki ya kwanza atanung'unika. Mwenye safari ya kilomita 30 katika barabara safi ana haki ya kulikataa tairi hili. Mwenye safari ya kilomita 6 katikati ya karakana na masoko sioni hujja yake.

Katika maduka yetu, ambako matairi ya aina hiyo ni adimu na mengi hutoka India na China, mnunuzi hana budi kutegemea mikono yake kuliko majina. Wachuuzi hupenda kulipiga tairi kwa kifundo cha kidole na kusema, "Sikia lilivyo gumu, kaka, hili halitoboki." Ugumu si dalili ya kudumu. Mpira mgumu uliokosa uhai huteleza katika lami iliyolowa, na hupasuka nyufa mapema. Liminye tairi baina ya dole gumba na vidole, kwanza usoni kisha ubavuni: usoni utake unene wenye kurudi, ubavuni utake wororo usio na ufa. Ukikunja ubavu ukaona mistari midogo midogo imefunguka, tairi hilo limekaa juani au rafuni kwa muda mrefu, nalo ni zee hata kama halijagusa barabara. Weusi wenyewe si urembo: ni masizi yaliyochanganywa na mpira, na ndiyo yanayoupa nguvu ya kustahimili msuguano na jua, matairi ya zamani kabla ya ujuzi huo yalikuwa ya rangi hafifu na yalilika upesi. Anayechagua tairi lote jekundu au la manjano kwa kupendezwa na macho yake na alichague, ila asije akashangaa.

Na kuhusu kashata, ambazo ndizo watu huzitazama kwanza, nina maneno machache tu. Katika mchanga na matope zina kazi. Katika lami hazina, hata siku ya mvua; tairi la gari huweza kuelea juu ya maji kwa sababu ni pana na huenda kwa kasi kubwa, lakini la baiskeli ni jembamba, lina umbo la duara na upepo mwingi, na hulipasua tabaka la maji bila ya kuhitaji mifereji. Kashata ndefu zenye nafasi katikati, zile zinazoonekana za kiume, hudumu kidogo katika lami, hulia njia nzima, na nafasi zile ndimo vigae hukaa vikingoja.

Kosa linalowagharimu watu zaidi si la aina bali la kipimo. Baiskeli kongwe ya kiume yenye breki za fito, iwe Phoenix ya Shanghai, Hero ya Ludhiana au Raleigh ya Nottingham, huvaa tairi la 28 × 1½, ambalo ukingo wake una kipenyo cha milimita 635. Baiskeli nyingi za kisasa za mjini nazo huitwa za inchi 28, lakini ukingo wake ni milimita 622. Tofauti ya milimita 13 haionekani kwa macho dukani; huonekana nyumbani, tairi linapokataa kuingia au linapoingia kwa wepesi wa kutisha. Kadhalika baiskeli za mitumba kutoka Japani zenye 26 × 1⅜ hutumia kipimo cha 590, na zile za milimani zenye 26 × 1.75 hutumia 559: zote zaitwa za inchi 26, na hazibadilishani abadan. Basi yaache majina ya inchi, utafute ubavuni zile tarakimu mbili zenye kistari katikati, mathalani 40-635 au 47-559: ya kwanza ni upana wa tairi kwa milimita, na ya pili ni kipenyo cha ukingo. Ya pili haina mjadala. Ya kwanza ina hiari, na ushauri wangu ni kuchukua tairi pana kadiri fremu na madigadi yatakavyoruhusu, kwa kuwa tairi pana huchukua mzigo ule ule kwa upepo mdogo zaidi, na hupokea mashimo bila ya kumpasulia mtu kiuno.

Upepo huo nao una daftari lake. Kiasi kimeandikwa ubavuni kwa ratili za inchi mraba, cha chini na cha juu. Tairi la milimita 40 kwa mtu wa kilo 70 aghalabu huridhika na ratili kati ya 45 na 60, na nyuma, ambako mwili na karia vimekalia, lizidishwe kidogo. Dole gumba ni shahidi wa uwongo katika jambo hili, maana tairi lenye ubavu mnene huonekana limejaa lingali na njaa. Vipimo vya kawaida haviwezi kusoma valvu ile kongwe yenye mpira mdogo ndani, na mwenye valvu hiyo hana njia ila pampu yenye saa yake. Mwenye tairi bora asiyelijaza amenunua ngao na kuilaza chini, kwa sababu tairi lililolegea likigonga ukingo wa shimo huibana tyubu baina ya jiwe na rimu, na hapo hakuna mwiba uliohitajika.

Wapo waliokata tamaa na upepo wenyewe, wakanunua matairi mazima yasiyo na tyubu. Kampuni ya Mobike ya China iliyatumia katika baiskeli zake za kukodi za mijini, kwa sababu baiskeli ya kukodi haina mwenyewe wa kuitazama. Kwa mtu mwenye baiskeli yake na barabara yenye mashimo siyapendekezi: kila tikiso hupelekwa moja kwa moja katika spoki na mgongo, na fedha iliyookolewa kwa fundi wa pancha hupelekwa kwa fundi wa gurudumu. Ile dawa ya maji maji inayotiwa ndani ya tyubu ili ijizibe yenyewe inafaa katika nchi ya mbigili, kwa kuwa kitobo cha mbigili ni chembamba. Ila katika joto letu hukauka baada ya miezi, huziba valvu, na tyubu iliyokwisha kulowa nayo kwa ndani humtesa fundi, kwani kiraka hakishiki.

Dawa ninayoiheshimu zaidi ni ya mafundi wetu wenyewe, na inawafaa hasa wenye magurudumu ya 635, ambao tairi la kisasa lenye ngao si rahisi kwao kulipata. Fundi huchukua tairi la zamani lililokwisha kuwa kipara, hukata kingo zake zenye waya akazitupa, na ule ukanda uliobaki huulaza ndani ya tairi jipya, baina yake na tyubu. Ni shauri lile lile la unene, limefikiwa bila ya maabara. Sharti lake ni moja: ncha na pande za ukanda zinyolewe kwa wembe hata zififie, la sivyo zitaisugua tyubu na kuitoboa kwa ndani, na mtu atalilaumu tairi lisilo na hatia. Fundi mvivu huliruka jambo hili, basi simama hapo utazame.

Na tyubu ikishatobolewa, usiikubali ipigwe kiraka kabla haijaulizwa ni nani aliyeitoboa. Tundu moja upande wa nje ni kazi ya barabara, na kitu kilicholifanya huenda kingali tairini, kwa hiyo lipapaswe lote kwa ndani kwa kitambaa, si kwa kidole kitupu. Matundu mawili yaliyokaa sambamba yanasema upepo ulikuwa mdogo. Tundu upande wa ndani, uelekeao rimu, linasema utepe wa rimu umechakaa na vichwa vya spoki vinachoma, na mtu anaweza kununua matairi bora ya Ujerumani yote asipone ugonjwa huo. Mpasuko kwenye shina la valvu ni wa kuvutwa vibaya wakati wa kutia upepo.

Tairi la nyuma huchakaa mapema kuliko la mbele, kwa sababu hubeba sehemu kubwa ya mzigo na ndilo lisukumalo. Pia hutobolewa zaidi, yamkini kwa kuwa gurudumu la mbele huviinua vitu vilivyolala na kuvielekeza ncha juu kwa ajili ya mwenzake. Siku ya kununua moja, wengi hulivika jipya nyuma na kuliacha la mbele lizeeke mahali pake. Ifanyike kinyume: la mbele lihamishiwe nyuma, na jipya liwekwe mbele, maana tairi la nyuma likipasuka mwendoni mtu huyumba akasimama, na la mbele likipasuka huanguka. Kwa sababu hiyo hiyo tairi lililopasuka ubavu na kushonwa kwa uzi wa nailoni, kazi ambayo mafundi wetu huifanya kwa ustadi wa kusifiwa, lina ruhusa ya kumalizia siku zake nyuma tu. Na nyuzi za kitambaa zikianza kuonekana katikati ya uso, au ubavu ukitoa uvimbe, halina ruhusa popote. Likatwe vipande, kile kizuri cha ubavuni kikae katika mfuko wa vifaa pamoja na gundi na viraka, kiwe tayari kuwekwa ndani siku tairi jingine litakapochanika mbali na fundi.